Mtoto wa Mombasa hahitaji shali tatu

Nianze na pesa, manake hapo ndo watu huwa hawasemi ukweli. Mimi na bwanangu tulikuwa tumeweka elfu 30 za vitu vya mtoto, nyingine zilitoka kwa chama cha kina mama pale kazini kwangu na nyingine yeye alizipata kwa ovataimu ya bandarini. Mtoto anafika mwezi mmoja hizo pesa zishaisha zamani, kabati limejaa hadi mlango haufungi, na bado vitu alivokuwa akitumia kila siku tulikuwa tunavinunua dukani kimoja kimoja kwa bei ya rejareja. Ndo nikaona niandike, haswa kwa yule anayezaa mara ya kwanza akiwa huku Pwani, kwa sababu zile orodha zinazozungushwa kwa simu zimeandikwa na watu wa mahali pa baridi, ama Limuru ama ng'ambo kabisa, na huku kwetu mwezi wa pili na wa tatu hata pangaboi linapuliza joto.

Naishi Kisauni, chumba kimoja na sebule, gorofa ya pili. Maji ya mfereji tunayaona kwa bahati, mengi ni ya kisima na yana chumvi, maji baridi (yaani yasiyo na chumvi) ya kunywa na kupikia tunanunua kwa mkokoteni mtungi shilingi 30 na zikiwa siku za shida unaambiwa 50. Nayataja haya mapema kwa sababu mwisho wa siku joto na maji ndo yaliyoamua mtoto atumie nini, si ile orodha.

Orodha yenyewe nliichukua mtandaoni. Ilikuwa na shali 3, sweta 4, soksi dazeni, mito, vile vigodoro vya kuzungushia kitanda kwa ndani, kiti cha mtoto cha kufunga kwa gari (gari lenyewe hatuna), na mashine ya umeme ya kupasha moto vitambaa vya kumpangusia makalio. Kupasha moto! Mombasa! Mwezi wa pili! Hiyo mashine angalau sikuinunua lakini shali zote tatu nlinunua, za sufi, moja nyeupe nzuri kweli kweli, elfu moja na mia mbili.

Mama yangu upande wake alikuwa hataki kinunuliwe kitu. Wazee wetu wengi wako hivo, kila nikitaja kitanda ananiambia "mwanangu usimtangulie Mungu, vitu vya mtoto hununuliwa mtoto akishaonekana." Nlikuwa naona ni mambo ya kizamani, tena nakasirika, lakini ukiangalia upande wa pesa aliyekuwa na hoja ni yeye. Tukaelewana ninunue leso (kanga), nepi, pamba na vesti, vyengine vingoje. Sasa sijui kwa nini nliendelea kununua vyengine kwa siri.

Leso nlienda kununua Biashara Street na hapo sijuti hata senti. Jozi moja kama shilingi 500 ukibembeleza, na leso ni shuka, ni taulo, ni pazia la dirisha, ni ya kumbebea, ni ya kujifunika ukinyonyesha mbele ya wageni. Nunua jozi nne tano. Lakini kuna jambo la leso mpya ambalo muuzaji hakuambii, inakuja na uwanga mwingi, ni ngumu na inakwaruza ngozi, alafu zile nyekundu zinatoa rangi. Mimi leso ya kisutu nliitia beseni moja na vesti nyeupe, zikatoka zote za waridi, na mtoto wa kiume. Kwa hivo leso za mtoto zianze kufuliwa mapema mimba ikiwa na miezi saba minane, uzifue peke yake mara kadhaa mpaka maji yatoke safi na kitambaa kilegee, ama umuombe mamako leso zake kuukuu, hizo ndo laini zaidi kuliko kitu chochote utakachonunua dukani.

Vesti na rompa nenda Kongowea. Najua kuna watu wanaona haya mtoto wa kwanza kuvaa mitumba, lakini rompa mpya ya mjini shilingi 450 itavaliwa wiki chache, na Kongowea ukifika asubuhi marobota yanafunguliwa unapata kamera, yaani ile ya daraja la kwanza haijavaliwa sana, 50, vesti 30. Ukingoja jioni ni fagia, yale mabaki. Kagua shingoni kama pana madoa ya maziwa, vuta lastiki, angalia kama vifungo vya katikati ya miguu vinashika vyote. Ukifika nyumbani roweka kwa maji moto, fua, anika jua kali, piga pasi. Chagua nguo zinazofunguka mbele, si za kupitishia kichwani, kichwa cha mtoto mchanga shingo haijakaza utaogopa hata kukigusa. Na miguu ifunguke vizuri manake sindano za wiki 6 zinadungwa mapajani, ile ya BCG, ya kifua kikuu, anayodungwa akizaliwa ndo ya mkononi. Nliona mama mwenzangu kliniki amemvalisha mtoto ovaroli ya zipu nyuma, laini nzima ikimngoja amvue.

Begi la hospitali ni jambo lengine. Usitumie orodha ya mtandao, uliza hospitali yenyewe utakayozalia wakati wa kliniki, tena uliza mapema, hospitali za umma mara nyingi zinataka uje na pamba, pedi za uzazi, beseni, nepi, leso na vitu vyengine vidogovidogo, na usiku huo kuvitafuta ni shida. Mimi nlibeba begi kubwa lenye nguo za mtoto za kubadilisha kutwa, marashi, mpaka mashine ya kukausha nywele, na pedi nikabeba pakiti moja ya kawaida. Ile damu ya baada ya kuzaa si ya mwezi jamani. Bwanangu alitumwa nje usiku wa manane kutafuta kemisti.

Alafu nikapasuliwa. Haikuwa kwenye mpango, mtoto alichoka ndani mapigo ya moyo yakashuka nikaingizwa thieta. Bima ililipa sehemu, lakini nje ya ile bili kuna dawa za kununua kemisti, kuna tuktuk za usiku za kina mama kuja na kurudi, chakula, vocha, mambo ambayo hayana risiti. Hapo ndo nlitamani ile 1,200 ya shali na zile nyingine za siri ziwe mfukoni. Mtu akiniuliza leo nitamwambia theluthi ya bajeti asiiguse kabisa, iwe kwa simu mpaka mtu atoke hospitali.

Na dera. Nlinunua madera matatu mapya ya kuvaa nikiwa mzazi, nlidhani mshono wa tumbo utataka nguo pana, na kweli unataka, suruali na sketi za lastiki husogei nazo. Lakini dera shingo yake ni kitundu. Wodini mtoto analia anataka kunyonya, mimi kukaa siwezi, shingo ya dera haishuki, njia iliyobaki ni kulivuta lote juu kutoka miguuni na wageni wa kitanda cha jirani wamekaa wananitazama. Nlilia wallahi, nlilia kuliko nlivolia kwa uchungu wenyewe. Mama akaazima mkasi kwa yule jirani akalipasua dera kutoka shingoni mpaka kitovuni, dera la shilingi mia nane, akanifunika na leso. Yale mawili mengine alipeleka kwa fundi yakatiwa zipu mbele. Zipu mbele kila upande wa ziwa ama moja ya katikati, fundi anataka shilingi 100 au 150, fanya kabla hujazaa. Hilo halipo kwenye orodha yoyote.

Tukarudi nyumbani na joto likaanza kazi yake. Kila mgeni akiingia anamuona mtoto yuko na vesti na nepi tu anashtuka, "mtoto mchanga huyo atapata kichomi!" anachukua shali, anamzungushia, kofia, soksi, glavu. Mavyaa wangu, mama wa bwanangu, ambaye nampenda na alinikanda maji moto siku zote za arobaini bila kuchoka, alikuwa akimfunika mpaka pua ndo inaonekana. Baada ya siku chache mtoto ametoka harara shingo yote, kifuani, kwapani, vipele vyekundu, halali, analia. Mimi nadhani ni ugonjwa nampeleka kliniki, sista akamfungua lile bunda akacheka, akasema mama huyu anachemka. Akanionyesha, usipime baridi ya mtoto kwa mikono na miguu, hiyo huwa baridi tu kawaida, weka vidole kwenye kisogo ama kifuani, pakiwa na jasho mpunguzie nguo. Na poda nisimmwagie, vumbi lake linaingia kifuani mtoto akivuta pumzi. Vesti ya pamba, nepi, pangaboi mwendo wa chini lisimlenge moja kwa moja, na kumuogesha. Harara ikakauka yenyewe.

Kumwambia mavyaa sasa ndo ilikuwa kazi. Sikumwambia mimi, nlimtuma mwanawe, naye akasema "mama, daktari amesema," na hilo neno daktari likatosha. Shali ya elfu moja na mia mbili imetumika kwa picha ya akika. Kusi ilipoingia na mvua za mwezi wa tano usiku tulimtia rompa ya mikono mirefu na leso mbili, basi.

Nepi sasa, hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo pesa nyingi zinapopotelea. Mtoto mchanga anabadilishwa mara 8 mpaka 12 kwa siku. Daipa ya kiosk moja shilingi 20, ukibadilisha 10 ni 200, mwezi elfu 6. Nikasema hapana, nitatumia nepi za kitambaa kama alivotumia mamangu, nikanunua dazeni. Mwanzo mambo safi, jua la kaskazi unaanika nepi ukimaliza kunywa chai ishakauka. Lakini nlikuwa nafulia maji ya kisima, na maji ya chumvi sabuni haitoi povu, inaganda kwenye kitambaa, nepi inakauka ngumu kama ng'onda. Makalio yakawa mekundu. Shangazi yangu mmoja wa Mji wa Kale akaniambia fua kwa maji ya kisima ukitaka lakini suuza ya mwisho iwe maji baridi, mara mbili, na usitie zile sabuni za kunukiza. Nepi zikarudi laini. Lakini piga hesabu, karibu mitungi miwili kwa siku ya kusuuza na kumuogesha, hiyo ni shilingi 60, na sabuni, na mgongo wangu mimi niliyepasuliwa ambaye nisingefaa hata kuinua ndoo. Wifi yangu ndo alifua wiki za kwanza, kama huna mtu wa kukufulia na umepasuliwa usijidanganye, weka pesa ya daipa za mwezi mzima na uache ushujaa.

Tulipofikia ni mchana kitambaa, usiku na safari daipa. Usiku daipa tatu, sote tunalala. Mvua za mwezi wa tano zilipoanza nepi zikawa hazikauki, kamba imefungwa sebuleni, nyumba inanuka unyevu, tukaongeza daipa mpaka jua lilipotoka. Kwa hivo kama unazaa karibu na masika, dazeni moja ya nepi haitoshi, ama uwe na mbili ama uhesabu daipa zaidi. Na daipa za saizi ya kwanza msiweke kwa wingi. Soma kilo zilizoandikwa kwa pakiti, si picha ya mtoto, wangu alizaliwa na kilo 3.6 na pakiti kubwa nlizonunua ofa akazikataa na nusu bado zimo ndani, miguu imebanwa ina alama. Pakiti moja ndogo kwanza uone makalio yanazipokeaje.

Kitovu hakitaki kununuliwa chochote zaidi ya ile dawa ya klorheksidini unayoelekezwa hospitali. Nepi ikunjwe ipite chini ya kitovu kisilowe, basi. Utaletewa majivu, utaletewa mafuta, utaambiwa chumvi, shukuru uweke pembeni. Wanja vilevile. Mavyaa alileta wanja wa macho na nyusi, mtoto wa kwanza wa mwanawe lazima apendeze, na mimi nlishasikia kliniki kwamba wanja mwingine unakuwa na madini ya risasi ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Tukabishana kimya kimya, yaani anaupaka niko bafuni, nikitoka napangusa. Mwisho tukakubaliana kwa mvuje, ile dawa ya kienyeji ya harufu kali ambayo wazee huamini inamkinga mtoto, akaufunga kwenye kitambaa cheusi akauning'iniza kwa kitanda, mbali na mkono wake asije akaula. Nyumba nzima ilinuka mvuje mpaka arobaini, jirani wa gorofa ya tatu akauliza tunapika nini. Sawa tu, mvuje wa kitandani haujamdhuru mtu.

Kitanda nlimtengenezea kwa fundi seremala, elfu 9, na siwezi kusema ni pesa ya bure lakini ingengoja. Miezi ya mwanzo unanyonyesha kila saa mbili tatu na tumbo lina mshono, hutaki kuinuka. Kilichokuwa muhimu ni godoro gumu linalokaa sawasawa na neti. Ya dawa nlipewa bure kliniki ya wajawazito, na ile ndogo ya mwavuli ya mchana nlinunua shilingi 600, ndo pesa nzuri kuliko zote. Mbu wa Kisauni mnawajua. Vile vigodoro vya kuzungushia kitanda na mto mdogo wa kumtengeneza kichwa viliondoka vyote, sista alisema mtoto alazwe chali, pasiwe na mto wala kitu laini karibu na pua, na kwa joto hili vile vigodoro vilikuwa vinaziba hata ule upepo mchache.

Gari la kusukuma tuliletewa zawadi na jamaa wa Nairobi. Zuri, magurudumu manne, kofia. Niambie nilisukume wapi? Njia yetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, barabarani tuktuk zinapita hadi pale watu wanapotembea, kwa mama yangu Likoni nivuke feri nalo katikati ya ule umati na mikokoteni. Sasa hivi limewekewa nguo zinazongoja pasi. Nambeba kwa leso.

Zawadi ndo jambo nlilochelewa kulifahamu. Kwenye akika na arobaini kila mtu alileta nguo za mtoto mchanga, tena nzuri, na mtoto ashaanza kujaa. Mwambie mtu mmoja wa familia mwenye mdomo, wangu ni wifi, awaeleze watu kabla: nguo ziwe za miezi 6 kwenda juu, ama walete daipa saizi ya pili, ama mitungi ya maji. Kuna binamu yangu kweli alitulipia mkokoteni wiki nzima na sijasahau.

Kitu kidogo kisichopendeza kwa picha lakini usikose: kipimajoto cha kidijitali, kama shilingi 300 kemisti. Mtoto wa chini ya miezi 3 akifika 38 hungoji asubuhi wala hupimi dawa ya nyumbani, unaenda. Mimi nlikitumia usiku mmoja, ikaonyesha 37.1, nikalala.

Chupa za maziwa, mashine ya kuzichemsha na kopo la maziwa ya unga vyote nlikuwa navyo kabla sijazaa, na miezi ya mwanzo havikuguswa. Dang'a, yale maziwa ya kwanza kabisa, ilitoka kidogo sana nikaogopa mtoto atakufa njaa, sista akaniambia tumbo lake lenyewe ni dogo, endelea kumweka. Siku ya tatu nne maziwa yakaja mpaka yakanirowesha. Kopo likapitwa na tarehe.

Pampu ndo inahitajika, lakini baadaye, kama unarudi kazini. Sheria ya kazi ya 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo yenye mshahara, na baba wiki 2 ambazo bwanangu alizimaliza akikimbia kemisti. Nlinunua ya mkono wiki mbili kabla ya kurudi ili nijifunze, shilingi 1,500, ya umeme sikuona haja na stima yetu inavopotea. Maziwa kwenye friji yanakaa mpaka siku 4, nje yanahesabiwa masaa 4 na hiyo ni kwa nyumba isiyo na joto kama letu, kwa hivo sisi tukaona masaa mawili ni mengi. Stima ikipotea mchana mamangu anatuma mtoto wa jirani kwa muuza juisi anunue barafu ya shilingi 20, anaitia kwenye ndoo ya mfuniko, chupa katikati, leso juu, na mpaka nitoke kazini saa kumi na moja maziwa bado yana ubaridi.